Uso wa Bravin kwenye Tisheti

Phelesia Adongo amekaa nyuma ya cherehani yake katika soko la Kendu Bay miaka ishirini na saba, na muda huo wote umemfunza kutoamini kitu chochote kilichoshonwa na mtu mwingine. Ukimletea sare ya shule airekebishe, kwanza anaigeuza ndani nje, anaangalia mishono, kisha anatoa kasauti puani ambako mafundi wenzake wanakaogopa kuliko askari wa kaunti.

Ndiyo maana mwanawe Bravin alipokuja likizo na kumweleza kwamba sasa yeye ni askari wa miavuli, kwamba jeshi linampandisha ndege na kumtupa nje huko huko juu, Phelesia hakuuliza habari za vita. Aliuliza kama hiyo ndege huwa imeharibika. Bravin akasema la, ndege huwa nzima kabisa.

"Sasa mnaruka kwa nini?"

Kijana alicheka hadi akaweka kikombe chini. Swali la pili lilikuwa huo mwavuli umeshonwa na nani, na mshono wake ni wa mara moja au mara mbili. Hilo Bravin hakulijua, na mama yake alimsema likizo nzima: unaning'iniza roho yako kwenye kitambaa na hata fundi humjui.

Kitambaa hakikumsaliti. Bravin aliruka mara thelathini na moja na kutua mara thelathini na moja. Aliuawa Somalia akiwa ameketi ndani ya lori, lori lilipokanyaga bomu lililofukiwa barabarani. Alikuwa na miaka ishirini na minne. Serikali ilikuwa imemgharamia sana ajue kuanguka kutoka mawinguni, na kifo kikamkuta chini, amekalia benchi kama abiria wa kwenda Oyugis.

Sanduku lilifika limefunikwa bendera, na bendera ikaja na amri: lisifunguliwe. Sasa, huku kwetu maiti hutazamwa. Watu humlilia usoni, wengine humgombeza kwa jina lake, mbona umetuacha, wewe mjinga. Bravin alililiwa kupitia mbao. Ofisa aliyemleta alikuwa na adabu nyingi mno. Phelesia alipomwomba mara ya kwanza, alisema haiwezekani. Mara ya pili alisema haiwezekani, Mama. Mara ya tatu alipiga saluti, na saluti haina jibu.

Baada ya mazishi picha zikaanza kuondoka, moja baada ya nyingine, kama wageni waliokwisha kula. Kitambulisho kilirudishwa kwa serikali ili cheti cha kifo kitoke. Phelesia akatoa karatasi yenye uso, akapewa karatasi isiyo na uso. Picha ya ukutani ilichukuliwa na vijana wa mheshimiwa mbunge, itiwe kwenye bango, bango lisimamishwe kwenye barabara itakayopewa jina la Bravin. Barabara haijaanza, bango halijaonekana, na picha imekwenda kuvitafuta vyote viwili. Simu iliyokuwa na picha nyingine ilitumbukia chooni, na hapo angalau hakuna wa kulaumiwa. Ikabaki moja: vijana saba wamejipanga mbele ya ndege, kofia za chuma hadi kwenye nyusi, mashavu yamepakwa masizi. Ungeambiwa ni sufuria saba ungekubali.

Mwaka wa nne Phelesia akagundua jambo ambalo hakumwambia mtu. Alikuwa anamsahau. Si mwili. Vipimo vyote anavyo kichwani hadi leo: shingo kumi na tano, bega kumi na nane, mkono ishirini na nne na nusu. Akitaka anaweza kumkatia shati sasa hivi, na shati litamkaa. Lakini uso haupimwi kwa futi, na kila alipoutafuta aliukuta umefifia zaidi, kama chaki kwenye kitambaa kilichoshikwashikwa.

Hapo ndipo Jared, ndugu wa marehemu mumewe, alipotangaza kwamba ukoo utafanya rapar, siku ya kumkumbuka marehemu kwa maombi, hotuba na ng'ombe mmoja. Jared alijichagua mwenyekiti wa kamati, akajipigia makofi. Mheshimiwa alisikia, na kwa kuwa uchaguzi ulikuwa unanukia, akaahidi tisheti mia mbili zenye sura ya shujaa. Jared akabeba ile picha ya sufuria saba hadi kwa mchapaji kule Homa Bay. Mchapaji akauliza marehemu ni yupi kati ya hawa. Jared, ambaye bila miwani hamtofautishi mbuzi na kondoo, na miwani alikuwa ameiacha nyumbani, hakusita hata kidogo. Akasema ni yule wa katikati. Mtu wa ukoo wake angesimama wapi kwingine?

Tisheti zilifika Jumapili asubuhi, zimesokomezwa ndani ya gunia. Phelesia alichukua moja, akaigeuza ndani nje, akatoa ile sauti yake puani, akairudisha. Kisha akautazama uso.

Aliutazama sana. Pua ilikuwa pana kuliko alivyoikumbuka. Lakini alikuwa anakumbuka nini? Akamuuliza Jared taratibu kama ana hakika.

"Min Bravin," Jared akasema, yaani mama Bravin, kwa ile sauti ya kuwaelimisha wajane, "jeshi hubadilisha mtu. Hata mimi ungenipaka masizi usingenijua."

Wanawake walikuwa tayari wanazivaa, wakisema jamani Bravin wetu, ona macho ya babu yake yalivyomkaa. Kila mtu alimtambua. Mama anayesimama mbele ya watu na kusema simjui huyu, ni mama gani? Phelesia akaivaa.

Saa sita hivi mtu alishuka kwenye bodaboda langoni, amebeba mkungu wa ndizi. Kijana mrefu, pua pana. Kelele za uani zikakatika kuanzia langoni hadi jikoni, kama mtu anayefunga maji. Kijana naye alisimama tu, mkungu begani, akiangalia watu mia mbili waliovaa uso wake, na chini ya uso maneno: PUMZIKA KWA AMANI SHUJAA WETU.

"Samahani," akasema. "Mimi bado sijapumzika."

Metrine, shangazi wa marehemu, mwenye miaka themanini na ushei, ndiye aliyeokoa hali. Alimwambia aingie ndani aache kuchomwa na jua, kwa sababu mzimu haubebi ndizi. Ikabainika anaitwa Maroa, ametoka Kegonga tangu alfajiri, alikuwa kikosi kimoja na Bravin. Kwenye picha alisimama katikati kwa sababu ndiye aliyekuwa mrefu kuliko wote. Bravin alikuwa wa mwisho kushoto, nusu yake imekatwa na ukingo.

Wazee wakakaa kikao cha dharura. Kumwomboleza mtu mzima wa afya, tena Mkuria wa watu, ni kumwitia mkosi, na mkosi ukivuka mpaka wa Kuria haurudi peke yake. Tisheti zivuliwe. Lakini watu mia mbili hawawezi kuvua mbele ya mchungaji wa Kisabato. Ndipo mmoja akasema zigeuzwe ndani nje. Wanawake wakaenda nyuma ya nyumba, wanaume wakageukia ua, na baada ya dakika tano rapar nzima ilikuwa na mishono nje. Phelesia aliiona yote, hovyo, nyuzi zinaning'inia, mshono wa mara moja tu.

Moyoni alikuwa na furaha ya kuiba. Hakuwa amesahau! Si yeye aliyepotea, ni Jared. Furaha hiyo ilidumu muda wa kutunga uzi kwenye sindano, maana kuukataa uso wa mwingine si kuupata wa Bravin. Kisha akamshika Maroa mkono, akampeleka nyuma ya jiko.

Kule mbele mheshimiwa alikuwa amefika, na hakuna aliyethubutu kumwambia ageuze yake. Alisimama na kipaza sauti, uso wa Maroa umetandazwa juu ya kitambi hadi ukawa uso wa watu wawili, akijipigapiga tumbo na kusema kijana huyu hatutamsahau kamwe. Maroa alisikiliza kidogo akisifiwa, kisha akamgeuzia Phelesia sikio la kulia. La kushoto liliharibiwa na bomu lilelile.

"Ulikuwa naye," Phelesia akasema.

"Nilikuwa lori la nyuma, Mama."

"Sanduku lilipofungwa, ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Uliona uso?"

Maroa akaziangalia ndizi alizoleta, kana kwamba zingejibu badala yake. "Niliuona, Mama. Alikuwa kama amelala."

Phelesia alikuwa ameshasikia hiyo. Mama wa askari yeyote ameshasikia hiyo.

"Alikuwa na kovu kwenye nyusi. Alidungwa na sindano ya cherehani yangu, ana miaka mitatu. Upande gani?"

Mkono wa Maroa uliinuka polepole, kama mguu wa mtu anayekanyaga barabara asiyoiamini. Kidole kikagusa nyusi yake ya kushoto.

Phelesia akangoja hasira ije. Ilikuwa kulia, hilo alilijua kama ajuavyo jina lake. Akaweka kiganja hewani, kimo cha mtoto wa miaka mitatu, kama siku ile alipomshika shavu na kumfuta damu kwa kipande cha kitambaa cha sare. Kidole gumba kikaenda kulia. Lakini mtoto alikuwa amemwelekea yeye, kwa hiyo kulia kwake ni kushoto kwa mtoto. Ama alikuwa amempakata? Akajaribu tena. Kidole gumba kikaenda huku, kikaenda kule, kikasimama katikati, hapo ambapo Jared angekiweka.

"Ni huo, Mama?" Maroa akauliza.

"Ndio huo."

Mbele, watu walikuwa wanapiga makofi. Barabara ilikuwa imeahidiwa upya. Phelesia akafuta kiganja kwenye gauni.

"Hebu nionyeshe tena," akasema.

Maroa akaweka kidole, safari hii nyusi ya kulia. Phelesia akaitikia kwa kichwa, vilevile.