Mwambie Bibi, Hawa Wanatoka Mbali

Mtu wa Sinza akiona kunguru anaokota jiwe. Mkwe wangu, mume wa binti yangu, anachukua darubini. Ndiyo kazi yake huko kwao Uholanzi, kupeleka watu kutazama ndege, hawa wenye manyoya, wanaokaa kwenye maji na mashambani. Watu wanatoka miji ya mbali, wengine nchi za mbali, wanapanda gari lake alfajiri kwenye baridi, anawashusha kando ya tope, wanasimama kimya wanatazama. Wakimaliza wanamshukuru kana kwamba amewapikia.

Binti yangu aliponieleza mara ya kwanza nilidhani ananitania.

"Mama, anaonyesha watu ndege."

"Hao watu hawana macho?"

"Wanayo. Ila yeye anajua pa kutazama."

Nilikwenda huko binti yangu alipojifungua. Mtoto wangu aliyebaki ni huyo mmoja, na mzazi hawezi kuachwa na mwanaume peke yake, hata awe mwanaume mzuri namna gani. Nilibeba unga wa ulezi, pilipili manga ya kutia kwenye uji, na kanga za kumfunga tumbo. Lakini moyoni nilibeba jambo lingine. Mume wangu amelala makaburi ya Kinondoni, na alikufa anaulizia mjukuu. Binti yangu alikuwa ameniahidi kwamba mtoto akipata nguvu, yeye na mumewe watamleta nyumbani, asimamishwe pale kaburini, babu yake ajue. Hilo ndilo nililokuwa nalisubiri. Mengine yote nilikuwa nayapitia tu ili nifike hapo.

Sasa sie kwetu bara, mama mkwe na mkwe mwanaume hawakaribiani. Siyo chuki, ni heshima. Mkikutana njiani mmoja anapinda. Hampeani mikono, hamli mkitazamana, na mkwe halali chini ya paa la mama mkwe wake. Mie nimekaa Dar miaka mingi, watoto wangu wamekulia hapa kwenye kelele za baa, lakini hilo halikunitoka. Mama yangu alikuwaga anasikia kikohozi cha mume wa dada yangu akiwa mbali bado, anaingia ndani, na mkwe naye anapita anajua kwamba ameheshimiwa.

Kule Uholanzi nililala nyumbani kwake kwa sababu hapakuwa na pengine. Nikajiambia nyumba ni ya binti yangu. Yeye alikuwa anatoka alfajiri na wageni wake, mie nabaki chumbani na mtoto. Akirudi, nakwenda jikoni. Akija jikoni, namkumbuka mtoto. Nyumba yenyewe ndogo, na nje hakuna jirani wa kumuita. Unaona mlango wa mtu mwaka mzima huijui sauti yake. Mchana binti yangu akisinzia, nilikuwa nakaa dirishani natazama mfereji na shamba na mbingu ya kijivu, na sauti pekee ilikuwa ya friji. Sijawahi kukaa mahali kimya hivyo. Sinza unaomba kelele zipungue, kule niliziomba zije.

Mkwe aliniona. Alifikiri nimechoka kukaa ndani, na kweli nilikuwa nimechoka. Siku moja akamwambia binti yangu kwamba kesho yake ana wageni wachache tu, kwa hiyo anataka kunichukua nami nikaone mabata bukini. Binti yangu akaja kuniambia huku anacheka. Sikutaka kumvunja moyo. Nikavaa makoti mawili, nikajifunga kanga kichwani juu ya kofia ya sufu, nikaenda.

Garini nilikaa nyuma kabisa. Kulikuwa na mzee mmoja na mke wake, na mama mmoja mrefu aliyekuwa amestaafu ualimu. Majina yao nayakumbuka yote, na la mbwa wa yule mwalimu aliyekuwa anatuonyesha kwenye simu. Mie niliishia darasa la nne, jina likishaingia kichwani mwangu halitoki. Hapa siwataji kwa kuwa sikuwaomba ruhusa.

Tukafika kwenye kibanda cha mbao kando ya maji. Kina matundu marefu ya kuchungulia, ndege wasione watu. Ndani kuna benchi moja fupi. Wale watatu wakakaa, mkwe wangu akakaa mwishoni, akabakiza nafasi ya mtu mmoja mwembamba. Akaipigapiga kwa kiganja.

"Mama, karibu. Kaa hapa."

Paja kwa paja. Bega kwa bega. Kwenye kibanda chenye giza. Nilisimama mlangoni nikahisi mama yangu ananitazama kutoka alikolala.

"Nitasimama nje," nikasema.

Nje mvua ikaanza, ile mvua yao nyembamba inayokuja kwa ubavu. Nikasimama kwenye kijia, kanga ikaanza kulowa. Mkwe akatoka na mwavuli. Akaja akanifunika nao, na ili unifunike vizuri ikabidi na yeye aingie chini yake. Nikasogea. Akasogea. Nikasogea tena, akanifuata, anasema mama, mvua, mama, na mie nasema asante, niache, hivyo hivyo tukakizunguka kile kibanda, mie mbele, yeye nyuma na mwavuli, mpaka tukatokea upande wa maji ambako hakuna anayeruhusiwa kufika.

Mabata yakanyanyuka yote. Sijui niyafananishe na nini. Kelele yake ilikuwa kama soko la Tandale limepinduliwa. Mbingu ikawa nyeusi, kisha ikawa tupu. Wale wageni wakatoka kibandani. Yule mwalimu akalitazama tope, akanitazama, akafunika darubini yake kwa kifuniko chake kidogo.

Safari ikaishia hapo, tukarudi garini.

Jioni niliwasikia jikoni, binti yangu na mumewe. Lugha yao siijui, lakini neno mama nalijua, na lilitajwa mara nyingi. Baadaye binti yangu akaja chumbani, akakaa kitandani, akawa anamkunjia mtoto nepi iliyokuwa imeshakunjwa.

"Anasema humpendi, mama."

"Nani kasema?"

"Anasema kama mama yako hawezi kusimama na mimi chini ya mwavuli mmoja, huko kwenu naenda kufanya nini. Anasema sisi twende, mimi na mtoto, tukitaka. Yeye abaki."

Nikaona kaburi la mume wangu, na binti yangu amesimama pale na mtoto bila baba wa mtoto, kama aliyeachika. Mtoto hatambulishwi nusu.

"Hukumwambia?" nikamuuliza.

"Nimwambie nini?"

"Kwamba mie ni mama mkwe wake."

"Mama, hapa ni Ulaya."

"Hapa ni Ulaya. Mie siyo Ulaya."

Akaiweka nepi chini. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Niliona aibu. Nilifikiri atatucheka."

"Acha acheke. Bora acheke anajua kuliko anune hajui. Nenda umwambie, na umwambie vizuri. Mwambie ningemdharau, ningekaa."

Akaenda. Niliwasikia tena jikoni, safari hii binti yangu ndiye anayesema, muda mrefu. Sikusikia kicheko.

Siku chache zikapita, mkwe ananisalimia akiwa mlangoni, kisha anaondoka. Nikadhani nimeharibu kabisa. Halafu ikaja siku ambayo hakuwa na wageni. Akatupakia kwenye gari, mie nyuma, binti yangu mbele, mtoto kifuani kwa mama yake, akatupeleka kwenye tuta refu la udongo, lile wanalozuia nalo bahari. Hakuna kibanda. Upepo tu, na majani mafupi, na chini yake mabata yanakula kama mbuzi.

Akatoa darubini kubwa, ile ya miguu mitatu, akaisimika. Akainama akatafuta, akaipata, akaiacha. Kisha akarudi nyuma hatua nyingi, akageuza uso upande mwingine.

Nilikaa sekunde chache sijaelewa. Binti yangu akanigusa kwa kiwiko. "Nenda, mama. Amekuachia."

Nikaenda nikaweka jicho. Bata yule alikuwa hapa, mbele yangu, na tone la maji linaning'inia kwenye mdomo. Ana shavu jeupe na shingo nyeusi. Aliinua kichwa akanitazama, au mie nilijiona kama natazamwa. Nilipotosheka nikarudi nyuma, nikageuza uso wangu. Yeye akaja, akatafuta mwingine, akaondoka. Mie nikaja. Tulikwenda hivyo kwa zamu, kama watu wanaochota kisima kimoja. Ndipo nilipoielewa kazi yake. Watu wanasimama mbalimbali, hawatazamani, wote wanatazama upande mmoja. Mkwe na mama mkwe wangetafutiwa shughuli wasingepata ya kuwafaa kuliko hiyo.

Halafu akasogea kwa mkewe, akainama kwa mtoto, ambaye hata shingo ilikuwa bado haijakaza, akamwambia kwa Kiswahili chake cha kuokoteza:

"Mwambie bibi, hawa wanatoka mbali. Kwenye barafu."

Sikuamini masikio yangu. Hivyo ndivyo mkwe anavyosema kwetu, anapitisha neno kwa mtoto. Binti yangu alikuwa anatazama majani, anajifanya hajui aliyemfundisha.

Nikamwambia mjukuu wangu, "Mwambie baba yako nimewaona. Muulize wanaitwaje."

Akaniambia jina, kupitia kwa mtoto. La yule, na la mdogo wa kahawia, na la yule mwenye miguu mirefu myekundu aliyesimama peke yake pembeni. Mtoto akalala katikati ya majina.

Walikuja Sinza, wote watatu. Mtoto alikuwa ameshaanza kusema, na mabata yameshahamia kwenye barafu yao, kwa hiyo baba yake alikuwa na nafasi. Binti yangu na mtoto walilala kwangu. Yeye mwenyewe, bila kuambiwa na mtu, akachukua chumba gesti iliyo jirani. Kila jioni anaaga getini, anavuka barabara, anaingia gesti na begi lake la darubini. Mtaa ukapata la kusema. Kijana anayeuza supu pale kona alishindwa kujizuia.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba."

"Bibi, samahani. Huyu mkweo anaingia gesti peke yake, anatoka peke yake. Ana ishu gani?"

"Ananiheshimu."

"Gesti?"

"Ndiyo. Gesti."

Akaweka upawa chini ili acheke vizuri. "Basi bibi, mtaa huu una wanaume wanaoheshimu sana."

Asubuhi mkwe alikuwa anasimama nje ya ukuta wangu, anatazama kunguru. Watoto wa mtaa walimzunguka, wanaomba na wao waone kunguru wakiwa wakubwa ndani ya darubini. Mie nikifagia ndani ya geti, namsikia anamtuma mwanawe.

"Bibi," mtoto anakuja mbio, "baba anasema kunguru siyo wa hapa. Walikuja na meli."

"Mwambie baba yako na mie siyo wa hapa. Nilikuja na treni."

Anakwenda mbio. Nasikia mtu anacheka nyuma ya ukuta, na mie nacheka upande wangu.

Kaburini tulikwenda asubuhi kabla ya jua kuwa kali. Mie, binti yangu na mtoto tukasimama pale. Nikamwambia mume wangu aliyekuja ni nani. Nilipoinua macho nikamwona mkwe amebaki kule kwenye makaburi ya mbele, kofia mkononi, ameangalia pembeni kama nilivyozoea. Kisha mtoto akaenda kwake akarudi.

"Bibi, baba anasema anaweza kuja?"

"Mwambie aje. Babu yako siyo mama mkwe."

Akakimbia kati ya misalaba, nikamsikia anapaza sauti kwa lafudhi yake ya kwao, "Baba, njoo. Babu siyo mama." Akaja. Akasimama upande wa miguu, mie upande wa kichwa. Akapiga goti, akaweka kiganja juu ya saruji, akakaa hivyo. Sikutazama zaidi.

Wakaondoka. Mkwe hawezi kukaa mbali na wageni wake majira ya baridi, ni haki yake, na binti yangu ana maisha kule. Wananipigia simu. Mtoto ameanza kuona aibu kwenye simu, anasema mambo mawili anakimbia. Kiswahili kinampungukia, nakisikia kinavyopungua.

Nikifagia asubuhi natajaga majina ya wale mabata, na la yule wa miguu myekundu, ili nisiyapoteze. Hakuna mtu Sinza nzima wa kuniambia kama nimekosea. Kunguru wakitua ukutani kugombania mifupa ya supu huwa nanyoosha mgongo, na neno linafika mdomoni lenyewe, mwambie baba yako. Halafu natazama chini pale anaposimamaga mtoto, naendelea kufagia.