Nilimkata mama mguu kwa mdomo wangu

Wakuu, asalaam aleikum, na wasioitikia hiyo, hamjambo. Naandika nikiwa sebuleni kwetu Kibokoni, na mwenye kisa amekaa mbele yangu na kikombe chake cha kahawa. Nikitia chumvi atanikosoa papo hapo, kwa hivyo mtakayosoma ndiyo yaliyokuwa.

Mimi ni karani wa clearing, kazi yangu kutoa mizigo ya watu bandarini Kilindini. Nikirudi nyumbani huwa nimeshagombana na madereva, na wakubwa, na kompyuta. Nikifika nataka utulivu.

Utulivu sipati. Kuna tamthilia.

Ni ya hospitali, imetoka ng'ambo na kutiwa sauti za Kiswahili. Kila jioni baada ya Alasiri, Jumatatu hadi Ijumaa, mama hukaa na mashoga zake wawili: Bi Zulekha wa nyumba ya pili na Bi Maryamu wa ghorofa ya chini. Wanakuja na kaimati zilizolowa shira ya sukari. Mama ana sukari, lakini ukizitaja kaimati unaambiwa huna adabu.

Majina ya kigeni hawayashiki. Daktari mkubwa wamempa jina la Nyusi, kwa sababu anazo. Na mgonjwa wa siku hizo walimwita Mama Soksi.

Mama Soksi alikuwa mshonaji, mtu mzima, mwenye sukari kama mama. Alikuwa na kidonda mguuni na akakificha ndani ya soksi, hata wanawe wasijue. Ijumaa hiyo Nyusi akamvua ile soksi, akatazama, akawaita wauguzi. Wakamsukuma kwenye kitanda mpaka mlango wa upasuaji. Mlango ukafungwa, muziki ukapigwa, basi mpaka Jumatatu.

Hapo ndipo nilipoingia mimi. Nikakuta wanawake watatu kimya, kaimati hazijaguswa, na mama anamsomea Yasin Mama Soksi.

Nilicheka. Nikasema, "Mama, yule ni mwigizaji. Saa hizi yuko kwake anakula."

Bi Zulekha akanitazama juu mpaka chini. "Dua haipotei, mwanangu. Asipoichukua huyu, itachukuliwa na mwengine."

Walipoondoka, mama akanifuata jikoni.

"Hebu nitizamia kwa simu yako. Wamemkata mguu, ama hawakumkata?"

Wakuu, nilikuwa nimechoka, na mimi nikichoka ulimi wangu huwa na miiba. Sikutafuta chochote. Nikaishika simu, nikasoma ujumbe wa kazini, nikakunja uso kama mtu anayesoma habari nzito.

"Wamemkata. Mpaka gotini."

Nilitaka anigombeze kwa kumharibia utamu, kama kawaida yake. Hakunigombeza. Alisema "haya," akaenda chumbani kwake.

Jumamosi hakushuka kwa Bi Zulekha. Nikadhani amenikasirikia. Nami nikakasirika kwa kukasirikiwa, maana ndivyo nilivyo, na siku nzima hatukusemezana ila kwa mambo ya chumvi na maji.

Jumapili, adhana ya Adhuhuri, nikapita karibu na bomba. Mama alikuwa anatawadha.

Hapa niwaeleze wasiojua. Udhu huishia miguuni: kulia kwanza, kisha kushoto, maji yafike mpaka visigino. Mama ndiye aliyetufunza, na tulipokuwa wadogo ukitoka bombani na kisigino kikavu unarudishwa kwa kofi. Na wanawake wetu wakiswali hufunika miguu, kwa hivyo mtu mzima kushinda na soksi ndani ya nyumba, hata Februari kukichoma, hakumshtui yeyote.

Nikamwona akaosha uso, mikono, akapaka kichwa. Kisha akaosha mguu wa kushoto. Akafunga bomba.

Wa kulia ulibaki na soksi yake.

Nikasimama pale pale. Mama yangu mimi, kuacha mguu.

"Mama, mguu huo vipi?"

"Niondokea. Swala yanipita."

"Hujauosha."

"Nimesema niondokea."

Nilipiga magoti kwenye majimaji yale. Sijawahi kumshika mama kwa nguvu, na sikumshika. Niliuweka mkono juu ya soksi tu, na yeye akaanza kulia bila sauti. Ile soksi ilikuwa imegandana na nyama. Niliimwagia maji ya uvuguvugu kidogo kidogo mpaka ikaachia. Ndani mlikuwa na pamba, asali na habasoda, na harufu ambayo sitaieleza. Kidole kidogo kilikuwa cheusi.

Kidonda kilikuwa na wiki tatu, alikiri mwenyewe, wakuu. Wiki tatu nimekula chakula chake, nimemkemea kwa ajili ya sauti ya televisheni, na sikujua.

Nikasema tunakwenda hospitali sasa hivi. Akakataa. Sababu naijua, na ninyi mngeielewa. Dadake mkubwa aliingia hospitali na kidole, akatoka hana mguu, na hakumaliza mwaka. Mama ndiye aliyemkosha kabla ya kuzikwa.

"Nalikuwa nishaweka nia," akaniambia. "Nalisema yule mama wa watu akitoka na mguu wake, nami n'takwenda. Sasa umenambia wamemkata. N'ende wapi tena?"

"Mama, nilikudanganya. Sikutazama."

Akanikazia macho. "Ulinidanganya juzi, ama wanidanganya sasa?"

Ulimi wangu mwenyewe ulikuwa umenifunga. Hata kuapa kwamba mguu umepona sikuweza, maana kweli sikujua kama wamemkata au la.

Akaswali kwa kukaa. Nami nikakaa nje ya mlango wake na simu, natafuta. Nikaipata ile tamthilia kwa lugha yake yenyewe, haijatiwa Kiswahili, imekwenda mbele kuliko ya kwetu. Sehemu baada ya ule mlango ilikuwepo.

Nilikuwa na akili ya kutosha kuitazama kwanza peke yangu. Lakini nikajua, nikiitazama kisha nikamletea habari, hataniamini. Ilibidi tuione pamoja.

Tukakaa kitandani kwake, simu katikati. Maneno hatukuyaelewa hata moja. Nyusi alikata, akafuta jasho, akasema kitu. Watoto wa Mama Soksi walilia barazani. Na mimi, niliyewacheka wanawake wa watu juzi, nilikuwa namsomea Yasin mwigizaji. Nilimwomba Mungu aokoe mguu wa mtu asiyeumwa.

Mlango ukafunguka. Kitanda kikatoka. Nyusi akafunua shuka kumwonyesha mgonjwa, na mguu ulikuwepo, umefungwa bendeji kubwa. Akainua vidole viwili vya mkono wake na kutikisa kichwa.

Mama akanipokonya simu, akaileta karibu na macho.

"Vidole viwili," akasema.

"Ndiyo, mama. Wamemkata viwili tu."

Akanirudishia simu. "Viwili natoa. Niletea buibui."

Hospitali tulipokewa na daktari binti, Mgiriama, mpole sana. Mama akamtazama vizuri kabla hajamruhusu kugusa mguu, kisha akamwambia, "Nyusi zako mbona ndogo?" Yule binti hakuelewa. Mimi nilicheka na huku nalia, na sioni haya kuyaandika.

Alisema tumechelewa kwa kidole, hatujachelewa kwa mguu. Siku chache zaidi angesema mengine. Wakamtoa kidole kimoja. Mama alipozinduka akahesabu kwa mkono juu ya shuka, akasema, "Nimemshinda Mama Soksi kimoja."

Siku zile chache zaidi nilikaribia kuzileta mimi, kwa mzaha wa dakika moja jikoni. Nimemwomba radhi mara nyingi. Amesema ameshanisamehe, ila kila ninapoanza mzaha huninyooshea ule mguu, nanyamaza.

Jambo la mwisho. Siku aliporudi kwenye tamthilia nilidhani mambo yatakuwa yale yale. Kaimati zilikuwepo, zimepungua tu. Lakini kabla ya televisheni kuwashwa, wale watatu walikaa mkekani, wakavua soksi, wakageuziana nyayo na kukaguana mmoja mmoja, mpaka katikati ya vidole. Bi Maryamu anatekenyeka, ikawa vicheko. Tangu hapo ni kila siku. Hakuna Nyusi mpaka miguu ionekane.

Nilichojifunza ni kidogo. Uso wa mama niliuona kila siku, na uso ndio unaojua kuficha.

Mama anasema niandike pia kwamba Mama Soksi sasa ameposwa.

Wakuu, karibuni mchangie, hata kunitukana ruhusa. Ila nina swali: mara ya mwisho kuziona nyayo za mama zenu ilikuwa lini? Msijibu sasa. Nendeni mkatazame kwanza, uzi utawangoja.