Marehemu Anayeshona Vifungo

Mume wake alimuua kitabuni, akamzika, na kabla ya kumzika akamtia mdomoni maneno ya msamaha ambayo yeye hajapata kuyasema. Hilo ndilo kosa alilotendewa, na ni vizuri lijulikane mapema, maana wapo mpaka leo wanaosema alikwenda kule ukumbini kwa ajili ya wivu.

Kiwandani walimwita Pilipili. Kwa jina hilo hakuonewa, alilitolea jasho. Ulimi wake ulikuwa mkali tangu ujana, na alipovuka miaka arobaini haukupungua makali, uliongeza kutu tu, na kidonda cha chuma chenye kutu ndicho kinachooza. Shule hakuiona ndani. Kaka zake walipokwenda kusoma, yeye alibaki na ndoo ya maji. Sasa alikuwa akishona vifungo vya sare za wanafunzi, katika chumba kirefu chenye cherehani safu mbili na meza ya pasi karibu na mlango.

Kila siku baada ya chakula cha mchana mashine zilizimwa zipoe, na mafundi wote wakaingia kazi ya mkono: vifungo, mapindo, kung'oa nyuzi zilizozidi. Chumba kilitulia, na hapo ndipo Bibi Miwani, fundi mzee kuliko wote, alipofungua kitabu. Akisoma, hashoni. Mashati yake yaligawanywa kwa wasikilizaji, kila mmoja fungu lake, na asiyeshona fungu la Bibi hakuwa na haki hata ya kuuliza mwizi alikamatwa au hakukamatwa.

Maana vitabu walivyovipenda vilikuwa vya watu waliookoka. Jambazi aliyekutana na Yesu gerezani. Tajiri aliyedhulumu yatima, akabatizwa akiwa hana hata kiatu. Sura za dhambi walizisikiliza sindano zikining'inia hewani. Mtu akishaokoka tu, Fundi Kola, kama walivyomwita mshona kola, alianza kupiga miayo.

"Huyu naye kaokoka mapema mno!" alilalamika siku moja.

"Hajatenda dhambi sawasawa," mwingine akamuunga mkono. "Bibi, turudishe kule kwenye wizi."

Pilipili alikuwa na swali lake moja, na alilirudia kila kitabu kilipokwisha. "Na yule aliyeibiwa, je? Alisema nini?"

"Shoga, hiki si kitabu cha aliyeibiwa."

"Ndiyo maana nauliza."

Kisha Bibi Miwani akaleta kitabu kipya, kimeandikwa na mwinjilisti ambaye zamani alikuwa dereva wa lori. Jamani, kilikuwa kitamu! Dereva alikunywa mpaka akalala chini ya gari lake mwenyewe. Aliuza tairi la akiba akasingizia wezi. Akikaribia nyumbani alipiga honi mara tatu ili mke afungue mlango, na mke asipofungua upesi, mlango uling'oka. Chupa alizificha ndani ya pipa la unga. Fundi Kola alishona kifungo cha shingoni kwenye mkono wa shati kwa kunogewa.

Pilipili aliposikia honi mara tatu, sindano ilisimama. Aliposikia pipa la unga, aligeuka kumtazama Bibi. Nyumba aliijua, ila mke hakumjua hata kidogo. Mke wa kitabuni alikuwa mpole kama njiwa, akipigwa analia taratibu, kisha anapiga magoti kumwombea mumewe. Pilipili hakumpigia mume magoti hata mara moja. Alimpiga kwa mwiko.

"'Usiku huo nilimvunja kiwiko cha kushoto,'" Bibi akasoma, "'na mkono wake haukunyooka tena. Baadaye homa ikamshika. Alipokuwa akikata roho alinishika vidole, akaniambia: Mume wangu, nimekusamehe yote. Nenda ukaokoke. Nikamzika kwa mikono yangu, na juu ya kaburi lake nikaupokea wokovu.'"

Chumba kizima kililia. Fundi Kola alifuta machozi kwa shati la mtoto wa watu.

"Huyo ndiye mwanamke," alisema akivuta kamasi. "Pilipili, ungekuwa na robo tu ya moyo wa marehemu huyu, ungeshaolewa tena."

"Marehemu ni mimi," Pilipili akasema.

Waliangua kicheko, wakasema Pilipili hana adabu hata mbele ya maiti. Yeye akaweka sindano mezani, akakunja mkono wa blauzi, akajaribu kuunyoosha mkono wa kushoto. Uliishia katikati, kama kawaida, kama bawaba iliyoingia mchanga. Walikuwa wameuona mkono ule miaka yote, wakadhani amezaliwa nao. Bibi Miwani akarudisha macho kwenye ukurasa, akayapeleka kwenye kiwiko, akayarudisha tena. Fundi Kola alipiga yowe, akarukia nyuma ya meza ya pasi.

"Toka huko, wewe! Mzimu gani anashona vifungo?"

"Mama yangu wee! Kwa hiyo hukufa?"

"Niulize kama nilikufa, nami nakujibu!"

"Na msamaha?" aliuliza Bibi Miwani. Hakucheka. "Ulitoa?"

"Ningeutoa saa ngapi, Bibi? Alinishusha kwa kaka yangu, mkono umefungwa kwa shuka. Akasema anakwenda mara moja kutia mafuta. Mpaka leo anatafuta mafuta."

Walicheka mpaka wakavunjika mbavu, kisha ghafla wakaacha, kwa sababu Pilipili alikuwa analia, na hakuna aliyewahi kuliona hilo.

Kazi ya alasiri ile haikuwa kazi. Nyuma ya kitabu palikuwa na picha ya mwinjilisti, amenenepa, na Bibi aliyekinunua kanisani alijua kwamba Jumapili inayofuata atakuja kutoa ushuhuda katika ukumbi wa mtaa wa pili. Chumba kililipuka. Mmoja alisema waende na polisi, mwingine alisema waende na mwiko. Msimamizi wa kiwanda, mama asiyependa kelele, alikuja kuwafokea, na aliposimuliwa akavuta kiti akakaa.

"Mwenzetu, unataka nini hasa? Unamtaka?"

"Nimtake nimpeleke wapi?"

"Pesa?"

"Hapana, mama. Nataka msamaha wangu. Kauchukua bila kuomba, anatembea nao mijini, anapigiwa makofi nao. Mimi sijawahi hata kuulizwa."

Hakuna aliyetania tena. Jumamosi walimpimia gauni kwa kitambaa cha mabaki, wakagombana juu ya kola, wakamshonea usiku uleule.

Ukumbi ulijaa hadi madirishani. Mafundi walikaa safu nzima, Pilipili katikati. Mwinjilisti alipanda jukwaani kwa suti ya kijivu, na mke wake wa sasa, mwanamke mwembamba mwenye uso mzuri, akakaa kwenye meza ya kuuzia vitabu. Mwinjilisti alisimulia vizuri. Alijua lini ashushe sauti. Alipofika kwenye kitanda cha mauti akatoa leso, na ukumbi mzima ukatoa leso pamoja naye.

"Kuna mwenye swali?" mchungaji mwenyeji akauliza.

Bibi Miwani akasimama. "Kaburi la marehemu liko wapi, mtumishi? Tungependa kulipalilia."

"Ni mbali, bibi. Mbali sana."

"Si mbali," Pilipili akasema, akainuka. "Ni hapa, safu ya nne."

Mwinjilisti alimtambua mara moja. Leso ilimdondoka. Pilipili alijisikia mwepesi, kama mtu aliyeshushiwa gunia alilolizoea mpaka akalidhani ni mgongo wake.

"Habari za siku nyingi, baba," alisema. "Mafuta uliyapata?"

Safu ya mafundi ikalipuka kwa vicheko. Yule mke mwembamba akasimama mezani. "Huyu ni nani?"

"Ni... ni dada mmoja tuliyefahamiana zamani."

"Dada!" Fundi Kola akapaza sauti. "Sisi tumemlilia kwa shati la watu, leo kawa dada!"

Mchungaji akanyakua kipaza sauti. "Ndugu zangu, tuimbe!" Wakaimba, kwa nguvu, wakigeuza shingo kumtazama marehemu.

Walimpeleka chumba cha nyuma, penye viti vilivyovunjika na ngoma za kwaya. Mchungaji, ambaye ndiye aliyeandika dibaji ya kitabu, alizungumza kwanza, kwa upole wa mtu anayezima moto kwa kanzu. "Mama, kitabu hiki kimeokoa watu wengi. Huoni hasara ya kukiaibisha?"

"Kiwaokoe, mchungaji. Lakini si kwa mdomo wangu."

Yule mume alikuwa ameketi ameinamisha kichwa. "Nilitaka kufunga ndoa kanisani," alisema. "Niliwaambia mimi ni mjane. Baada ya hapo ikabidi ufe." Akainua uso. "Nisamehe."

Neno hilo Pilipili alikuwa amelisubiri miaka, akidhani siku atakayolisikia ataanguka chini. Hakuanguka.

"Huwezi kuomba ulichonacho," alisema. "Kitabu kinasema nimeshakupa. Toka kwanza pale mbele, waambie wale wanaoimba kwamba hujasamehewa. Ukishakuwa mtupu, njoo kwenye kiwanda cha sare uniombe."

Hakutoka. Wimbo uliisha, ukaanzishwa mwingine. Yule mke mwembamba alikuwa amesimama mlangoni, amesikia yote, na alimpisha Pilipili apite akimwambia, "Pole, dada." Ni yeye peke yake aliyesema pole siku ile.

Miezi ikapita, toleo la pili likatoka, limesahihishwa. Bibi Miwani alilileta mashine zilipozimwa, na safari hii mashati yake yaligombaniwa. Kifo kimeondolewa. Kaburi limeondolewa. Mke sasa anarudi kwao mzima wa afya, lakini mlangoni anageuka, machozi yakimtoka, anasema: Mume wangu, nimekusamehe yote.

"Kamfufua ili amsamehe tena!" Fundi Kola alipiga kelele, na chumba kikachafuka.

Pilipili hakupiga kelele. Alimwomba Bibi alisome fungu hilo mara ya pili, polepole, asikose neno.

Basi hali ndiyo hiyo. Mchungaji anadaiwa dibaji mpya, yenye ukweli aliousikia kwa masikio yake mwenyewe katika chumba cha nyuma. Yule mke mwembamba hadaiwi kitu. Dereva ndiye mdaiwa mkubwa: asimame mbele ya watu walewale waliompigia makofi, aseme kwamba msamaha hakupewa, aliuandika mwenyewe, kisha aje kuuomba. Atajibiwa nini, Pilipili hajamwambia mtu, hata Bibi Miwani. Wa kuliuliza swali hilo ni dereva peke yake, na kiwanda anakijua.