Daktari wa Ngazini

Daktari wa moyo katika hospitali yetu hapa Mansoura, Misri, hawaulizi hali wagonjwa wanaongoja kupandikizwa ini. Wote wangejibu tu, "Alhamdulillahi, niko safi kama yasmini." Huwapandisha ngazi. Hupanda kinyumenyume mbele yao, viatu vyake vya mpira vikilia, huku wakimsimulia jinsi mlenda wa mulukhiya unavyopikwa kwao.

Baba yangu, ambaye nitamkatia kipande cha ini langu, alifika kwenye kukaanga kitunguu saumu akanyamaza.

"Nimesahau kinachofuata, binti yangu," akamwambia daktari.

Daktari akaketi naye kwenye ngazi, akamshika mkono kutafuta mapigo. "Hujasahau, mzee wangu. Umeishiwa pumzi. Ini la mwanao litangoja, moyo kwanza."

Baba alihema kwa muda mrefu, bila kunitazama.

"Giligilani," akasema. "Unatia giligilani."