Nilirithi Jina na Pikipiki

Siku ya arobaini ya kaka yangu nilikalishwa kwenye mkeka katikati ya uani kwetu Mwananyamala, nikamwagiwa unga kidogo utosini, na mjomba akatangaza kwamba kuanzia dakika ile mimi ndiye kaka yangu. Sisi tuliotoka kusini, mtu akifa jina lake haliachwi bila mwenyewe. Anatafutwa wa kulivaa, na akishalivaa anakuwa yeye: heshima zake zake, kiti chake chake, hata ahadi zake. Mimi nilikuwa mziwanda, na ndiye mwanamume pekee aliyebaki nyumbani, kwa hiyo hapakuwa na majadiliano. Mjomba alimaliza dua, akanisalimia kwa jina la marehemu, kisha akanikabidhi ufunguo wa pikipiki.

Kesho yake asubuhi nilikutana na dada mlangoni mwa choo. Akapiga goti kidogo, akasema, "Shikamoo kaka." Nilidhani ananitania. Huyu ndiye aliyenifinya masikio utoto wangu wote, aliyenibeba mgongoni na kunilaza kwa vitisho. Nikacheka. Yeye hakucheka, alibaki pale na taulo yake begani akisubiri marahaba, mpaka nikaitoa. Kaka alikuwa kifungua mimba, na sasa kifungua mimba nilikuwa mimi.

Mama ndiye aliyeniumiza zaidi, na hakuwa na nia mbaya hata chembe. Aliniwekea kile kiti cha kaka kinachotazama mlango. Akaanza kunitilia pilipili kwenye mchuzi kwa sababu kaka alikuwa hali bila pilipili. Mimi pilipili siiwezi. Nilikula, machozi yakanitoka, kamasi zikanitoka, na mama akaniangalia kwa furaha ambayo sikuwa nimeiona tangu tutoke hospitali na maiti. Kazini wanafunzi waliniita mwalimu, nyumbani na mtaani nikaitwa kaka. Jina langu mwenyewe likabaki bila mtu wa kulitumia.

Na lile pikipiki halikuwa la kubebea abiria. Lilikuwa dude la mashindano, jeusi, silinda nne, la kukaliwa kwa kuinamia mbele kama mtu anayetafuta sindano sakafuni. Kaka alilinunua likiwa bovu, akalifufua na rafiki yake, fundi mmoja wa Temeke, na likamfanya kuwa mtu mashuhuri. Harusi za kwetu zinataka vitu vitatu: gari la bibi harusi, matarumbeta kwenye pikapu, na mtu wa kufungua njia mbele yao akiwa juu ya tairi moja. Mtu huyo alikuwa kaka. Alilisimamisha wima, tairi la mbele likaelekea mawinguni, mkia ukakaribia kukwaruza lami, akalishikilia hapo kitambo watu wakisahau kupumua, kisha akalirudisha chini taratibu. Mama alikuwa anajifunika macho kwa viganja, na vidole anaviachanisha ili aone.

Figo ndizo zilizomwua, si pikipiki. Likabaki uani chini ya turubai, na kila Ijumaa mama alilipangusa vumbi. Mimi nililipita nikienda kuoga, nikilikwepa kama mbwa wa jirani asiyefungwa.

Halafu dada akaposwa na watu wa Kinyerezi, kamati ya harusi ikaundwa, na vikao vikaanza sebuleni kwetu. Katika kikao kimoja walipofika kwenye msafara, mwenyekiti aliuliza nani atafungua njia. Mjomba hakunitazama hata kunitazama. Alisema hilo lilishakwisha, kwa sababu kaka wa bibi harusi alimwahidi dada yake toka zamani kwamba siku yake atamtoa nyumbani kwa tairi moja, na ahadi ni deni. Wajumbe wakaitikia. Nikafungua mdomo kueleza kwamba mimi nafundisha jiografia, na kwamba kaka aliahidi lakini kaka amekufa.

Mama akaniwahi. "Uliahidi mbele yangu," akasema. "Pale pale ulipokaa."

Nilikuwa nimekaa kwenye kile kiti. Watu husema maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, lakini mimi nguo nilivuliwa na wengine.

Kuliendesha kwa kawaida nilijua, nikaenda nalo polepole mpaka Temeke kumtafuta fundi. Alikuwa mtu mnene, mcheshi, mwenye mikono isiyotoka mafuta, na alipolisikia lile dude likiingia gereji kwake alitoka mbio, akaona ni mimi, akageuka kufuta uso kwa tambara. Nilimweleza shida yangu. Akasema atanifundisha, ila si mjini. Kupita Bunju kulikuwa na viwanja vilivyopimwa, barabara ya lami imeshawekwa na nyumba hazijajengwa, na hapo ndipo tulipokuwa tunakwenda Jumapili asubuhi.

Somo la kwanza lilikuwa kushuka. Kabla hujajua kupanda, ujue kushuka. Mguu wa kulia unalala juu ya breki ya nyuma muda wote, kwa sababu likitaka kukupindua chali, ni breki ile tu itakayolirudisha mbele. "Mguu huo usitoke hapo hata ukiitwa na mama yako," aliniambia, na nadhani hakujua alichokisema.

Kisha klachi. Unakwenda taratibu kwa gia ya pili, umekaa wima, mikono haivuti usukani. Vidole viwili vinaibana klachi kidogo, mkono wa kulia unaongeza mafuta mpaka injini ipandishe sauti, halafu vidole vinaiachia kwa mpigo. Nguvu yote iliyokuwa inasubiri inashukia tairi la nyuma kwa pamoja, na la mbele linaruka. Ndivyo inavyosemwa. Mimi nilipoachia, lami ilipotea mbele yangu, nikaona anga na vidole vyangu, nikafunga mafuta kwa woga. Tairi likaanguka kwa kishindo, meno yakagongana, na kifua kikapiga tangi. Fundi alisema hilo ndilo kosa la kila mwoga: akiogopa juu anafunga kila kitu, na kinachomwumiza ni kule kufunga, si kule juu. Punguza, usifunge. Nilirudia mpaka kiganja cha kushoto kikawa hakishiki hata daftari vizuri.

Wiki iliyofuata nilichelewa kukanyaga breki. Lilinichomoka mapajani, nikaanguka ubavu, nalo likanilalia mguu na bomba la moshi likanibabua kigimbi. Nilirudi nyumbani nikichechemea. Mama alinipaka asali palipoungua, akanifunga kitambaa, hakunigombeza. Alitabasamu akasema, "Hata ulipoanza uliungua hapo hapo."

Usiku ule nilikasirika, na hasira yenyewe sikujua niielekeze wapi. Hata jeraha langu halikuwa langu.

Jumapili iliyofuata fundi aliniita kwa jina la kaka kama kawaida yake, anielekeze nisikaze mabega. Nikazima injini. Nikamwambia huku angalau, ambako hakuna mjomba wala kamati, aniite jina langu.

Alifikiri kidogo, kwa aibu. "Samahani braza," akasema. "Hivi wewe ulikuwaga unaitwa nani?"

Nikamtajia. Akalirudia, likasikika geni hata kwangu. Asubuhi yote alijitahidi kulitumia, akikosea na kujisahihisha, na sijui kama ni kwa sababu hiyo, lakini siku hiyo ndipo mkono wangu ulipoelewa. Niliachia klachi, mbele ikapanda, na badala ya kuendelea kupanda ikatulia. Si juu sana, labda usawa wa kifua cha mtu. Nikaiona njia mbele yangu chini ya taa. Nikapunguza mafuta kiasi cha unywele, nikaongeza kiasi cha unywele, mguu ukiigusa breki na kuiacha, na dude lile likaendelea kwenda kwa tairi moja, limetulia, mtaro baada ya mtaro, mpaka lami ilipokwisha. Kwa muda ule wote hakuna aliyekuwa ananiita chochote. Nilipolishusha nilikuwa nalia ndani ya helmeti na nilikuwa na furaha.

Fundi alikuja anatembea, anatikisa kichwa. Akasema hajawahi kuona mtu akikaa juu muda mrefu vile, kaka hakuweza. Kisha akalitazama tairi.

"Ila siyo kama yeye," akasema. "Yeye alikuwa anapanda wima, halafu basi. Maza amemtazama miaka yote. Ukinyanyua hivi, atajua."

Nilimwelewa. Nikimnyanyulia mama kama kaka, nitabaki kaka mpaka na mimi nitakapotafutiwa wa kunirithi. Nikinyanyua kama mimi, kuna kitu kitavunjika pale nyumbani, na mvunjaji nitakuwa mimi. Nilimwomba anifundishe ile ya wima. Jumapili zilizobaki tulifanya hiyo tu: mafuta mengi, klachi ya ghafla, mwili nyuma. Sikuipenda hata mara moja, lakini niliiweza. Niliamua kwamba mama ameshazika vya kutosha.

Siku ya harusi mtaa ulifungwa kwa maturubai upande mmoja, matarumbeta yakapiga mpaka kuku wakahama. Dada alitolewa akiwa amefunikwa kanga kichwani, mama akamsindikiza hadi kwenye gari kisha akarudi kusimama barazani, kama ilivyo desturi kwamba mama wa bibi harusi haendi na msafara. Niliwasha. Watu wakajipanga kando ya lami, simu juu. Mjomba akaanza kulitaja jina la marehemu kwa sauti, mpiga ngoma akalidaka, na mtaa mzima ukaliitikia, watoto kwa wazee, wakiliimba mbele ya uso wangu huku wananitazama machoni. Wengi wao walikuwa wamenijua tangu nazaliwa. Hakuna hata mmoja aliyesita.

Ile hasira ikarudi. Nikaingiza gia ya pili, nikabana klachi, nikaachia jinsi ninavyojua mimi.

Mbele ikapanda usawa wa kifua ikatulia. Nilipita mbele ya duka la mangi, mbele ya msikiti, mbele ya nyumba za watu wote walioniona nikimwagiwa unga siku ya arobaini, nikiwa nimekaa wima na njia naiona, na gari la bibi harusi likinifuata nyuma kwa mwendo wangu. Kelele zilikuwa kubwa kuliko za harusi yoyote ya kaka. Nilipopita barazani kwetu nilimwona mama kwa jicho la pembeni. Hakujifunika macho. Mikono yake ilikuwa inaning'inia.

Nilimfikisha dada Kinyerezi salama. Kabla hajaingia ndani kwa wakwe aliniegemea sikioni akasema, "Umeniogopesha, mshenzi wewe," na akanifinya sikio kwa nguvu zake zote. Nilirudi nalo likiwaka moto, nikitamani barabara isiishe.

Nyumbani wageni walikuwa wametawanyika na masufuria yanasuguliwa. Mama hakuwa na wenzake. Nilimkuta chumbani, amekaa chini, mgongo umeegemea kitanda, analia. Kwenye msiba hakulia hivi. Kwenye msiba alipokea watu, alihimiza chai, alikagua kama kaburi limechimbwa vizuri, na siku ya arobaini alivaa vizuri na akanipikia. Sasa alikuwa analia kwa sauti nene nisiyoijua, mdomo wazi, bila kujifuta. Nikasimama mlangoni. Nilitaka kuomba radhi na nilitaka kutorudi nyuma, vyote kwa pamoja.

Akaniona. Akaniita kwa jina langu, lile alilonipa yeye, ambalo lilikuwa halijatoka mdomoni mwake tangu siku ya mkeka. Nilikuwa nimelisubiri muda wote ule, na lilipokuja nilitamani alirudishe.

"Naam, mama."

"Kaka yako amekufa," akaniambia kwa upole, kama mtu anayemletea mwenzake habari.

Nikakaa chini kando yake. Nikamwambia pole.