Gari Lisilo na Kiti cha Nyuma

Fundi lifti aliamka siku hiyo akiwa ameshakata shauri: gari la familia lazima liondoke. Hakumwambia mkewe. Alimpitia shemeji yake, kaka wa mke, makanika mwenye maneno mengi na kucha zisizotakata, wakaelekea kwenye yadi ya magari yaliyotumika.

"Unataka gari gani hasa?" shemeji aliuliza njiani.

"La spoti. La Ulaya."

Shemeji alicheka mpaka akakohoa. "Wewe? Wewe unayeendesha kama umebeba mayai?"

Fundi hakucheka. Kioo cha ndani cha kutazamia nyuma alikuwa amekigeuza, kikawa kinatazama dari. Alikuwa akiendesha hivyo tangu mazishi, kwa kutegemea vioo vya pembeni. Kila alipojaribu kukirudisha aliona kiti cha nyuma kitupu, akageuza kioo tena. Kwenye kiti kile ndipo mwanawe alipokuwa akikaa na kuuliza maswali bila kituo, hata wakambandika jina la Kasuku. Homa ilimpanda ghafla, wakamkimbiza hospitali amelala kwenye kiti hichohicho, kichwa mapajani kwa mama yake. Huko ndiko alikokata roho. Na mke wa fundi, aliyezoea kumwita mumewe Baba Kasuku, sasa hakujua amwite nani. Alianza tu katikati ya maneno: "Chakula kipo." "Mlango haujafungwa."

Pale yadi, muuzaji aliwapokea kwa bashasha, shati limempasuka kwapani. Aliwapeleka moja kwa moja kwenye gari jekundu la paa la turubai. Shemeji akavua saa, akafungua boneti, akazama. Akalala chini, akapapasa tumbo la gari, akainuka na kidole cheusi.

"Oili inavuja kidogo, lakini inatibika. Injini nzima. Vipuri ndivyo vitakutoa jasho, shemeji, mimi nakwambia mapema. Na matuta ya mtaani kwenu utayavuka kwa kubembeleza."

"Mzee, chukua hili," muuzaji alisema. "Uzuri wake, huku nyuma kuna viti viwili vidogo. Watoto wanaenea vizuri kabisa."

Fundi alirudi nyuma kama aliyeungua. "Silitaki."

"Lakini hujalijaribu."

"Nimesema silitaki. Nionyeshe lisilo na kiti cha nyuma."

Shemeji, aliyekuwa akijifuta mikono, aliacha kujifuta. Tangu hapo hakusema neno la vipuri wala la matuta. Walipofika kwenye gari dogo la rangi ya fedha, la Kijerumani, limechakaa ngozi ya viti lakini limesimama imara, alilikagua kimya kimya, akawasha, akasikiliza, akaitikia kwa kichwa. Fundi akaketi nyuma ya usukani. Kwenye kioo aliona dirisha na ukuta wa yadi. Hakuna kingine. Akavuta pumzi hadi chini ya kitovu.

"Dada anajua?" shemeji aliuliza kwa sauti ya chini.

"Atajua."

Wakabadilishana palepale. Lile la familia likabaki yadi, fundi akaongeza kilichopungua, akaondoka na la fedha.

Jioni mkewe, mshonaji wa mapazia, alirudi kutoka kazini. Fundi alikuwa anamngoja nje. Mke alilizunguka lile gari, akainama, akachungulia ndani. Kisha akatazama mahali pale lilipozoea kulala gari lao.

"Liko wapi?"

"Nimelibadilisha. Nilishindwa, mama. Kile kiti kilikuwa kinaniua."

Mke alifungua mkoba. Akatoa ufunguo wa akiba, akaushika kiganjani.

"Kila siku nikitoka kazini nilikuwa naingia mle," alisema. "Nyuma. Nalala pale alipolala. Harufu yake ilikuwa haijaisha. Wewe ukidhani nimechelewa kazini." Akameza mate. "Sina mahali pengine. Nyumba umeipaka rangi, nguo mama yako amezigawa. Nilibaki na pale tu."

Fundi alikaa kwenye ngazi. "Kesho tutalifuata," alisema.

Asubuhi walikwenda yadi na gari la fedha, mke ametazama dirishani njia nzima. Muuzaji alipowaona alidhani wameleta malalamiko, akaanza kujitetea. Walipomweleza, uso ulimshuka.

"Limeshalipiwa, mama. Mwenyewe yuko njiani. Na vijana wameliosha jana."

Mke alifungua mlango wa nyuma, akaingia. Akalaza shavu kitini. Harufu ilikuwa ya sabuni, sabuni tupu, na kitambaa kilikuwa bado na unyevu. Fundi alisimama nje mpaka alipoona mabega ya mkewe yanatikisika. Akaingia upande wa pili, akakaa naye. Muuzaji akajifanya ana shughuli mbali.

Mwenye gari alifika na watoto wawili, wanagombania dirisha hata kabla hawajalifikia. Mke alijipangusa, akatoka. Mkubwa wa wale watoto aliuvuta mlango wa kushoto, ukagoma.

"Huo una ukorofi," mke alimwambia. "Inua kwanza, ndiyo uvute."

Mtoto akainua, akavuta. Mlango ukafunguka, wakaingia kwa kelele.

Fundi na mkewe walirudi kwenye gari lao. Hawakufika mbali. Barabara ilimpotea fundi machoni, akaegesha ovyo, akalaza kichwa kwenye usukani, akalia kilio ambacho hakukilia makaburini. Nyuma yao honi zikaanza. Mke alimwekea mkono shingoni. Kwa mkono wa pili alipapasa vitufe asivyovijua, kimoja baada ya kingine, akitafuta cha taa za tahadhari, ili magari yawapite.