Likembe ya Baba

Kila nikisikia harufu ya nta ya nyuki iliyopata moto, nabinua mdomo. Baba alikuwa akiibandika chini ya vyuma vya likembe yake, kile kinanda kidogo cha kupigwa kwa vidole gumba, ili sauti zikae sawa. Alipofanywa katekista, aliitupa likembe ghalani. Rafiki yake, aliyekuwa akiimba naye tangu ujana, alifiwa na mama, akaja kumwomba ampigie kwenye kilio.

"Ndugu yangu, mimi mukristo sasa," baba alimjibu bila hata kuinuka kitini. "Ile iko mambo ya shetani."

Mwezi haukuisha, mzungu mkubwa akafika kwetu Kabambare kukagua pamba, akataka nyimbo za kienyeji. Shetani akasahauliwa siku hiyo hiyo. Baba aliipanguza likembe mbiombio, akapasha nta, akamwita rafiki yake aje aimbe.

Rafiki alisimama, akaimba kwa Kibangubangu, lugha yetu asiyoijua mzungu, wimbo wa kumlilia mama yake. Jasho lilimtoka baba, lakini vidole vyake havikuthubutu kusimama mbele ya mzungu, aliyekuwa akipigapiga kiatu chini na kucheka.

Wimbo ulipoisha, rafiki alimshika baba mkono.

"Aksanti, ndugu yangu. Sasa mama amepata kilio chake."